Mashine ya kutanua mdomo wa kopa ya AC: namna ya kuichagua dukani na kuitumia mpaka gesi isivuje tena (mwongozo kamili)

Wakuu, kuanzia Desemba mpaka Machi simu yangu inaita kwa neno moja tu, "fundi njoo uongeze gesi". Naenda Tabata, naenda Mbezi Beach, navuka kwenda Kigamboni, nafungua kava la pembeni la autidoo (kile kipande cha AC kinachokaa nje), na kabla sijatoa hata geji nakuta nati imeloa mafuta na vumbi limegandia juu yake. Hapo jibu nishalipata.

Gesi ya AC haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka humo humo ndani miaka na miaka, ikipungua ujue kuna mahali inatokea, na kwa hizi split za majumbani mahali penyewe mara nyingi ni mdomo wa paipu uliojificha ndani ya nati. Vijana wengi wananiandikia wamekaza nati mpaka imepasuka, wamefunga tepu nyeupe ya mabomba, wamerudia mdomo mara tatu na bado povu linatoka. Nikiwaomba picha ya mashine waliyotumia ndo naelewa. Kwaiyo leo tunaanza na mashine, alafu tunapiga mdomo hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa paipu

- Mashine ya kutanua mdomo, mafundi tunaiita mashine ya flea (hii ndo tutaiongelea sana)
- Kisu cha kukatia paipu, kile cha gurudumu, sio msumeno
- Rima ya kutolea ncha kali ndani ya paipu
- Venia kalipa, hata ya plastiki ya kidijitali inatosha, bila hii unabahatisha
- Kopa laini ya roli, unene wa ukuta milimita 0.8 kwa paipu za inchi 1/4, 3/8 na 1/2, na milimita 1.0 kwa 5/8
- Nati zilizokuja na AC yenyewe
- Spana mbili, moja ya kushikilia na moja ya kukazia, na ya kukazia ikiwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) ndo vizuri zaidi
- Mafuta ya kompresa yanayoendana na gesi yako, matone machache tu
- Mtungi wa naitrojeni na regyuleta yake
- Geji za manifoldi (za kupimia presha), vakyumu pampu ya kuvuta hewa, geji ya mikroni (inaonyesha hewa imetoka kiasi gani)
- Maji ya sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ndogo
- Kipande cha kopa cha sentimita 30 cha kufanyia majaribio, usikidharau hiki

## Aina za mashine utakazokutana nazo

Ukizunguka Kariakoo na Gerezani utaonyeshwa vitu vingi vinavyofanana, muuzaji atakwambia zote zinafanya kazi moja. Hapana, hazifanyi kazi moja.

Ya baa mbili na koni ya katikati. Hii ndo ya bei ya chini na ndo wengi tumeanzia. Ina baa mbili zenye matundu, unabana paipu kwa nati mbili zenye masikio, alafu unaweka nira yenye skrubu na koni, unazungusha. Koni yake iko katikati kabisa, kwaiyo inasugua kopa pande zote kwa wakati mmoja. Msuguano ni mkubwa, kopa inakwanguka, inakonda sehemu moja na kubaki nene sehemu nyingine. Kwa gesi ya zamani, R22, ilikuwa inapita. Kwa gesi za sasa, R410A na R32, ndo matatizo yanaanza.

Kwa nini? Angalia presha. AC ikiwa imezimwa kabisa, mchana wa Dar wa nyuzi 32, R22 iliyotulia ndani ya paipu inakuwa kama psi 167 (psi ni kipimo cha presha). R410A kwenye joto hilo hilo inakuwa karibu psi 270, na R32 inaizidi kidogo. Sa mdomo uliokuwa unavumilia mzigo wa kwanza, leo unaubebesha mara moja na nusu na zaidi, usiku na mchana, hata kama mwenye nyumba kasafiri.

Ya koni iliyohama katikati, yenye klachi. Mafundi wanaiita eksentriki. Ukiizungusha mkononi bila paipu utaona koni haizunguki imenyooka, inayumba kama sufuria iliyopinda kitako. Hiyo sio ubovu, ndo siri yake. Koni inagusa upande mmoja mmoja na kuviringika juu ya kopa, kama mtu anayesukuma chapati kwa mpini, badala ya kuisugua. Mdomo unatoka laini, unang'aa, unene unalingana. Klachi yake inaachia yenyewe mdomo ukishakamilika, mkono unazunguka hewani, kwaiyo huwezi kuzidisha. Kama una pesa ya mashine moja tu, chukua hii.

Ya ratcheti. Ni eksentriki hiyo hiyo ila mkono wake unaenda na kurudi. Kama kazi zako ni za ghorofani, autidoo imebanwa ukutani na huna nafasi ya kuzungusha mkono mzima, hii itakuokoa mgongo. Kwa fundi wa kawaida sio lazima.

Ya betri. Nzuri sana, haraka sana, ila kama unafunga AC tatu kwa mwezi pesa hiyo nunua spana ya torki na geji ya mikroni kwanza. Ukifika mahali unafunga jengo zima la ofisi, hapo ifikirie.

Bisibisi za kuchomeka kwenye drili. Hizi zinatanua kwa joto la msuguano. Sizishauri kwa mdomo wa AC. Huna namna ya kujua umesimama wapi, na drili ikiyumba kidogo mdomo umeenda upande.

Kuna moja ya kukimbia kabisa: seti ya mabomba ya breki za magari. Gerezani zipo kibao, sanduku linafanana, baa inafanana. Zile zimetengenezwa kukunja mdomo mara mbili, na nyingine zina pembe ya nyuzi 37 za mambo ya haidroliki. Mdomo wa AC ni nyuzi 45 kila upande, yani koni ikipimwa kutoka ubavu hadi ubavu inatoa 90. Ukipiga mdomo wa 37 ukaufunga kwenye valvu ya 45, unagusa kwenye ukingo mwembamba tu, hata ukaze vipi hautaziba. Nilishanunua moja hivyo zamani, nikapoteza siku mbili nyumbani kwa mteja nikidhani valvu ya autidoo ndo mbovu.

## Ukiwa dukani: jaribio la dakika kumi

Usinunue kwa kuangalia sanduku. Majina kama Ridgid, Rothenberger na Value yanaheshimika ila feki zake nazo zinatembea mjini, kwaiyo jina peke yake halitoshi. Nenda na kipande chako cha kopa, nati moja na kalipa mfukoni.

Kwanza pitisha ukucha juu ya koni. Iwe laini kama kioo. Ukucha ukikwama hata kidogo, iache, maana kila mkwaruzo wa koni unajichora kwenye mdomo wa paipu na gesi inapita kwenye mchoro huo.

Pili funga baa bila paipu na uinue kwenye mwanga. Nusu mbili zikutane bila kuacha upenyo, na mduara wa tundu uwe duara kweli. Nusu moja ikiwa juu kuliko nyenzake, mdomo wako utakuwa na ngazi.

Tatu, na hii inawaangusha wengi mno, angalia vipimo vya matundu. Kuna baa za inchi na kuna baa za milimita kamili. Kopa ya 1/4 ni milimita 6.35, 3/8 ni 9.52, 1/2 ni 12.7 na 5/8 ni 15.88. Baa yenye maandishi 6, 10, 12 na 16 sio ya kopa hii. Tundu la 10 litaiacha paipu ya 3/8 iteleze wakati koni inasukuma, na tundu la 12 litaiponda paipu ya 1/2. Ukibana kopa yako kwenye tundu lake, jaribu kuizungusha kwa vidole, isizunguke wala isiwe imepondeka.

Nne, kama ni eksentriki zungusha mkono, angalia koni inayumba, sikiliza klachi ikiachia. Angalia pia kama ina kizuizi cha kupimia urefu wa paipu. Zile za R410A nyingi zina kijibati kinachokuja mbele ya tundu, unasukuma paipu mpaka iguse, basi kimo kimejipanga chenyewe. Kwa fundi anayeanza kijibati hiki kina thamani kuliko sanduku zuri.

Tano, omba upige mdomo mmoja palepale. Muuzaji anayejiamini hatakataa. Akikataa, duka la pili lipo hatua ishirini.

Pima kipenyo cha nje cha mdomo kwa kalipa. Kwa R410A na R32 vipimo ni hivi:

- 1/4: milimita 8.7 mpaka 9.1
- 3/8: milimita 12.8 mpaka 13.2
- 1/2: milimita 16.2 mpaka 16.6
- 5/8: milimita 19.3 mpaka 19.7

Ikitoka ndani ya hapo, mdomo unang'aa na upana wake ni sawa pande zote, lipa uondoke nayo.

## Kopa nayo ichunguzwe

Mashine nzuri haiokoi kopa mbovu. Kuna kopa nyepesi inauzwa, ukuta wake milimita 0.5 au 0.6, inavutia kwa bei na inakunjika kirahisi. Ukiitanua mdomo inakonda zaidi, nati ikikaza inakatika kama karatasi. Kata ncha, toa zile ncha kali, alafu pima ukuta kwa kalipa mbele ya muuzaji.

Iwe pia kopa laini ya roli. Ile iliyonyooka kama fimbo ni ngumu, ukiitanua inachanika. Na roli lako lisikae na mdomo wazi, unyevu wa huku pwani sio wa mchezo. Kila ukikata, ziba ncha zote mbili kwa kofia au hata tepu.

## Hatua ya 1: Zima umeme, jua gesi uliyonayo

Zima breka, sio rimoti. Soma kibao cha autidoo: gesi gani, presha ya juu kiasi gani. Kama ni R32, kumbuka inaweza kushika moto ikikusanyika sehemu isiyo na hewa, kwaiyo fungua madirisha, sigara iwe mbali, na kama gesi ilishavuja ndani ya chumba subiri hewa ibadilike kwanza.

Kwa autidoo mpya valvu zake zibaki zimefungwa mpaka mwisho kabisa. Gesi ya kiwandani iko mle.

## Hatua ya 2: Kata kwa utaratibu

Kisu kikae mraba na paipu. Kaza kidogo, zungusha duru moja au mbili, kaza kidogo tena. Ukikaza kwa nguvu ili umalize haraka, gurudumu linaiponda kopa badala ya kuikata, paipu inakuwa yai, na paipu yenye umbo la yai haitoi mdomo duara.

Msumeno hapana. Unaacha ncha iliyopinda na unga wa kopa, na ule unga ukiingia ndani unaenda moja kwa moja kwenye kompresa.

Ukifaulu utaona: ncha imenyooka ukiisimamisha juu ya kigae, haiyumbi.

## Hatua ya 3: Toa ncha kali, paipu ikiangalia chini

Kisu kinasukuma ukingo wa kopa kuingia ndani. Ukiuacha, ukingo huo ndo unakuwa uso wa mdomo wako, mgumu na wenye mikunjo. Ingiza rima, zungusha taratibu mpaka kidole kisisikie ukingo.

Paipu iangalie chini muda wote ili vipande vidondoke nje. Nimeona fundi anatoa ncha kali paipu ikiwa juu, alafu anapuliza kwa mdomo. Umeingiza chembe za kopa na mvuke wa pumzi yako kwa pamoja.

Usizidishe lakini. Ukikwangua mpaka ncha ikawa nyembamba kama wembe, mdomo utapasuka ukingoni. Unatoa ukingo, huchongi penseli.

## Hatua ya 4: Nati iingie kwanza

Sentensi moja inatosha: vaa nati kwenye paipu, sehemu yenye uzi ikiangalia ncha, KABLA ya kutanua. Tumia iliyokuja na AC, maana nati ya 1/2 ya R410A inakaa na spana 26 wakati ya R22 ni 24, na ya 5/8 ni 29 badala ya 27, hazibadilishani tu hovyo.

## Hatua ya 5: Bana na upange kimo

Hapa ndo ile mashine uliyochagua inakulipa. Kimo cha paipu juu ya uso wa baa kinategemea mashine:

- Eksentriki ya R410A yenye klachi: milimita 0 mpaka 0.5
- Ya zamani yenye klachi: milimita 1.0 mpaka 1.5
- Ya nati zenye masikio: milimita 1.5 mpaka 2.0

Wengi wanaofeli wamehama kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kubadilisha kimo. Umezoea kutoa milimita 2 kwa ile ya masikio, umenunua eksentriki, unatoa milimita 2 hizo hizo, mdomo unakuwa mkubwa mno na nati haipiti juu yake. Au kinyume chake, mdomo unakuwa mdogo, nati inaushika kwa pembeni tu, siku kompresa ikitikisika paipu inachomoka.

Kaza baa kweli kweli. Kwa ile ya masikio, kaza kwanza sikio lililo karibu na paipu, alafu la mbali. Paipu ikiteleza chini wakati koni inakuja, acha palepale, kata upya.

## Hatua ya 6: Tanua

Weka tone moja la mafuta ya kompresa kwenye koni. Zungusha polepole, mwendo mmoja, bila kusimama simama. Eksentriki endelea mpaka klachi iachie na mkono uwe mwepesi, ongeza duru mbili tatu ili uso ulainike, basi. Ya koni ya katikati zungusha mpaka mdomo ukutane na mteremko wa baa, ukihisi mkono umekuwa mzito ghafla simama, ukilazimisha unaiponda kopa kati ya vyuma viwili na kuikondesha.

## Hatua ya 7: Ukague mdomo kabla haujaingia kwenye nati

Washa tochi ya simu, ugeuze mdomo taratibu. Unatafuta uso unaong'aa kama kijiko kipya, bila mstari, bila ngazi, ukingo wa duara na upana sawa kote. Pima na kalipa. Vuta nati juu, ikae kwa nafasi, isigome wala isiyumbe sana.

Ukikuta kasoro, isome, inakwambia kosa liko wapi:

Mdomo umeenda upande mmoja, paipu ilikatwa mshazari au baa ilibana vibaya. Umepasuka ukingoni, kopa ni ngumu, au umezidisha rima, au unajaribu kutanua tena mdomo wa zamani ambao kopa yake imeshakakamaa. Una mistari ya duara, koni imekwaruzika au ina uchafu, ifute. Una mkunjo wa ndani, hukutoa ncha kali. Una alama za meno nje chini ya mdomo, hizo ni za baa na sio tatizo zikiwa hafifu.

Kasoro yoyote kwenye uso, kata sentimita mbili urudie. Kopa ya sentimita mbili haifiki hata robo ya bei ya kujaza gesi upya.

## Hatua ya 8: Funga bila hasira

Paka mafuta kidogo kwenye uso wa ndani wa mdomo. Kwa R410A na R32 mafuta ni yale ya esta au etha, sio ya R22. Usipake kwenye uzi wa nati, uzi ukiteleza torki inadanganya na unazidisha bila kujua. Tepu ya mabomba na silikoni visikaribie hapa, kinachoziba ni kopa kubanwa na chuma, kitu kingine chochote kinaizuia.

Nyoosha paipu mpaka mdomo uangaliane na valvu wenyewe. Kaza kwa vidole duru tatu nne hivi, iingie laini. Ikigoma mapema, umepishanisha uzi, rudi nyuma uanze upya.

Sasa spana mbili. Moja inashikilia kiungo kisizunguke, ya pili inakaza. Ukitumia moja unasokota paipu ya indoo (kipande cha ndani), na ile ikipasuka kazi yake sio ya siku moja. Torki kwa Nm (nyutoni mita) ni kama hivi, ingawa kitabu cha AC yako kikisema tofauti fuata kitabu:

- 1/4: Nm 14 mpaka 18
- 3/8: Nm 34 mpaka 42
- 1/2: Nm 49 mpaka 61
- 5/8: Nm 68 mpaka 82

Kama bado hujanunua spana ya torki, tumia mzani wa ndoano, ule wa kupimia mizigo ya safari. Fungia mzani kwenye mkono wa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, vuta ukiwa mraba na spana. Kwa 1/4 vuta mpaka kilo 8. Kwa 3/8 mpaka kilo 19. Utashangaa kilo 8 ni kidogo kiasi gani, na utaelewa kwa nini spana malaya ya inchi 12 imevunja nati nyingi za 1/4 mjini hapa.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa naitrojeni, sio kwa gesi

Valvu za autidoo bado zimefungwa. Ingiza naitrojeni kupitia tundu la sevisi, kwa regyuleta. Anza psi 50, sikiliza. Panda 200, simama dakika tano. Alafu panda mpaka karibu na presha iliyoandikwa kwenye kibao, kwa R410A na R32 nyingi ni kati ya psi 500 na 600, usiivuke, na hakikisha hozi na geji zako zenyewe zinahimili kiwango hicho.

ONYO: usitumie oksijeni hata siku moja. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Watu wanaichukua kwa sababu mtungi wa kuchomelea upo karibu. Hapana kabisa. Na kompresa ya upepo ya gereji pia hapana, inasukuma maji na hewa ndani.

Paka povu kwenye nati zote nne, subiri. Mvujo mdogo hautoi mapovu makubwa, unatengeneza kama ute mweupe unaokua taratibu, kwaiyo mpe dakika mbili tatu na tochi. Ukikuta unavuja, toa presha yote kwanza ndo ukaze au ukate, usikaze nati ikiwa na psi 500 mbele ya uso wako.

Acha ikae, nusu saa kwa haraka, usiku mzima kama mteja anakuruhusu. Ila piga hesabu ya joto: kwenye psi 500, joto likishuka nyuzi 10 presha inashuka kama psi 17 bila kuvuja popote. Umepima saa nane mchana paipu iko juani, umerudi saa moja usiku imeshuka 15, usianze kukata midomo mizima.

## Hatua ya 10: Vuta hewa, fungua, funika

Toa naitrojeni, funga vakyumu pampu, vuta mpaka geji ya mikroni isome chini ya 500. Funga valvu ya pampu, subiri dakika kumi. Ikipanda kidogo na kutulia, ni unyevu, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna mdomo unavuja, rudi na sabuni.

Ikibaki chini ya 500, fungua valvu ya 1/4 kwanza nusu duru, pima tena povu kwenye viungo, alafu fungua zote mpaka mwisho. Rudisha kofia za valvu na uzikaze kwa spana, maana nazo zinaziba, nimeshakuta AC inayovujia kwenye kofia tu wakati midomo yote minne ni mizuri.

Sponji ya viungo vya nati ifunge mwisho kabisa, baada ya majaribio yote kupita. Kwa nyumba za karibu na bahari, Masaki, Kigamboni, Kunduchi, funga mpaka karibu na valvu na uzibe ncha kwa tepu, chumvi ya pwani inakula nati na paipu pale penye maji ya baridi yanayodondoka. Andika tarehe na presha ya naitrojeni kwa makapeni ndani ya kava la autidoo, fundi atakayekuja baada yako atajua aanzie wapi.